Kondoo Mmoja wa Maskini

Soma: 2 Samweli 12:1-13

Jioni tunapowasimulia watoto hadithi ya fisi mlafi, sote humcheka fisi. Ni mara chache tunajiuliza fisi huyo ni nani.

Mfalme Daudi alimtwaa Bathsheba, mke wa Uria, kisha akaagiza Uria awekwe penye vita vikali ili auawe. Nabii Nathani alipotumwa kwake hakuanza kwa kumkemea. Alimsimulia habari za watu wawili wa mji mmoja. Tajiri alikuwa na mifugo mingi. Maskini alikuwa na mwana-kondoo mmoja tu, aliyemlea pamoja na watoto wake. Mgeni alipofika, tajiri aliona uchungu kuchinja wa kwake, akamchukua yule wa maskini.

Daudi akawaka hasira. Alisema mtu huyo anastahili kufa, tena alipe mara nne. Ndipo Nathani akamwambia kwamba tajiri huyo ni yeye mfalme. Angeshtakiwa waziwazi, huenda angejitetea; lakini hukumu ilikwisha kutoka kinywani mwake mwenyewe.

Nasi twaisikia hadithi hii kanisani na kumlaumu Daudi. Je, yule kijana anayetuchungia ng'ombe, mshahara wake wa mwezi uliopita tumempa? Au tumelipa karo ya watoto wetu kwa jasho lake?

Daudi alikiri. Nasi tukiri leo, kisha tukamlipe kijana wa watu. Bwana atusaidie. Amina.