Aliyejua Kusubiri Wakanushe

Msikilizaji, mtu anayesifiwa na wengine, na kulaaniwa na wengine, kwa kuwapa wahafidhina wa Marekani meno mtandaoni hakuwa mwandishi hodari. Makala za Andrew Breitbart zilikuwa za kawaida tu. Kipaji chake kilikuwa kujua lini atoe habari, na lini anyamaze.

Alizaliwa mwaka 1969, akalelewa Brentwood, mtaa wa wenye nazo jijini Los Angeles. Kazi alijifunza kwa Matt Drudge, yule ambaye Januari 1998 aliwatangulia wote kuianika mtandaoni habari ya uhusiano wa kimapenzi wa Rais Clinton na Monica Lewinsky. Kisha, na hili huwachekesha wengi, mwaka 2005 akamsaidia Arianna Huffington kuanzisha Huffington Post, gazeti la mtandaoni lililokuja kuwa kipenzi cha mrengo wa kushoto. Mwaka huohuo akafungua tovuti yenye jina lake.

Mbinu yake ilionekana wazi Septemba 2009. Vijana wawili, James O'Keefe na Hannah Giles, walikuwa wameingia na kamera ya siri katika ofisi za ACORN, shirika lililotetea watu wa kipato cha chini, wakijifanya wanatafuta ushauri wa nyumba ya kuendeshea ukahaba. Breitbart hakuzimwaga video zote kwa siku moja. Alitoa ya Baltimore kwanza, akatulia. Wakubwa wa ACORN wakasema hayo ni ya tawi moja. Akatoa ya mji mwingine. Wakajitetea tena, akatoa nyingine. Kila utetezi ulikuta jibu lake liko tayari kabatini. Mwezi huohuo Bunge la Marekani likapiga kura kuinyima ACORN fedha za serikali. Aprili 2010, mwanasheria mkuu wa California alipotangaza kwamba video zile zilikuwa zimekatwakatwa kiasi cha kupotosha, ACORN ilikwisha kuvunjika.

Sasa tuje kwa Shirley Sherrod, ambaye kwangu ndiye kiini cha habari hii. Mama huyu Mweusi alikuwa mkurugenzi wa maendeleo ya vijijini wa Wizara ya Kilimo, jimboni Georgia. Tarehe 19 Julai 2010 Breitbart akatoa kipande kifupi cha hotuba aliyoitoa katika hafla ya NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za Wamarekani Weusi. Humo anasikika akisimulia jinsi alivyosita kumsaidia kwa moyo wote mkulima Mzungu. Kilichokatwa ni sehemu ya pili ya kisa: kwamba alimsaidia, na shamba likaokolewa. Aliyesema hayo ni mtu ambaye baba yake aliuawa na Mzungu mwaka 1965, na hakuna aliyeadhibiwa.

Siku hiyohiyo kipande kilipotoka, Sherrod akashinikizwa kujiuzulu, akiwa njiani ndani ya gari. NAACP nayo ikamlaani, ilhali hotuba nzima walikuwa nayo wenyewe! Sisi tunaokata sauti kila siku studioni tunajua kisu kinaweza kufanya nini, na kosa la Breitbart silifuniki. Lakini yeye hakuwa na mamlaka ya kumfukuza mtu kazi. Aliyekuwa nayo ni Waziri Tom Vilsack, katika serikali ya Obama iliyoogopa taarifa ya habari ya jioni kuliko ilivyojali ukweli. Bila woga huo, kile kipande kingebaki kipande.

Tatizo kwa mahasimu wake ni kwamba mara nyingine alikuwa sahihi. Mwaka 2011 alisema mbunge Anthony Weiner wa New York anawatumia wanawake picha chafu za mwili wake. Weiner akadai akaunti yake imedukuliwa. Breitbart akangoja, akatoa picha zaidi. Tarehe 6 Juni, mbunge alipoitisha waandishi wa habari, Breitbart alitangulia kupanda jukwaani na kuanza kujibu maswali kana kwamba mkutano ni wake. Weiner akafuata, akakiri huku akilia, na kabla mwezi haujaisha kiti akakiacha.

Moyo ulimsimama Breitbart tarehe 1 Machi 2012, akiwa na miaka 43. Tovuti ikashikwa na Steve Bannon, ambaye Agosti 2016 aliiacha kwenda kuongoza kampeni ya Donald Trump. Kesi aliyoifungua Sherrod dhidi ya Breitbart iliisha kwa maelewano mwaka 2015. Vilsack alikwisha kumwomba radhi na kumpa kazi nyingine wizarani, mama akaikataa. Vilsack akarudi kuwa waziri wa kilimo chini ya Biden mwaka 2021, na mwaka uliofuata wizara yake ikamteua Shirley Sherrod katika tume ya kuishauri namna ya kuwatendea watu wote kwa usawa.