Samaki Mmoja, Majina Mawili



Apendaye kujua jinsi wanadamu wanavyojitambulisha katika mazungumzo, na asimame mwaloni asubuhi, huko Muhuta au Rumonge, asikilize. Samaki ambaye Warundi wa mwambao huu humwita mukeke, kule Kigoma huitwa mgebuka. Samaki ni yule yule, na ziwa ni lile lile la Tanganyika. Bali jina moja latosha kumjulisha msikilizaji alikolelewa msemaji.

Hapo ndipo penye jambo zito. Wengi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walirejea kutoka Tanzania baada ya Mapatano ya Arusha ya mwaka 2000. Watoto wao waliozaliwa uhamishoni walikuja na Kiswahili cha huko, na wengi walikuta mashamba ya wazazi wao yanalimwa na watu wengine. Katika shauri la shamba ni rahisi lafudhi kugeuzwa hoja, mtu akaambiwa: wewe ni mgeni.

Lafudhi husimulia mtu alikoishi. Haisemi haki yake iko wapi. Mchunguzi wa lugha na asikilize matamshi, lakini mwamuzi wa ardhi na apime ushahidi.