Mpagazi na Mwanafunzi



Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji. Kirangozi alitangulia, nao wapagazi walimfuata mmoja mmoja, kila mtu na mzigo wake begani. Aliyejichagulia njia yake mwenyewe alipotea porini.

Bwana Yesu naye aliwaita wavuvi wa Galilaya wamfuate. Hakuwaonyesha kwanza mwisho wa safari. Tena aliwaambia kwamba kila amfuataye hana budi kujitwika msalaba wake kila siku. Ndiyo maana Wakristo wa kwanza waliitwa watu wa Njia.

Je, mfuasi wa kweli hujulikana lini? Dakta Livingstone alifariki kwa Chitambo, katika nchi ya Zambia ya leo, mwaka 1873. Chuma, Susi na wenzao wakauzika moyo wake pale, wakaukausha mwili, wakauchukua. Walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, Mwingereza Cameron aliwashauri wamzike hapo. Wakakataa. Bwana wao hakuweza tena kuwaamuru wala kuwalipa. Hata hivyo wakaendelea, wakafika Bagamoyo Februari 1874.

Vivyo hivyo Mitume: Bwana wao alipokwisha kuondolewa machoni pao, ndipo safari yao kubwa ilipoanza.

Basi, ndugu msikilizaji, mzigo uliotwikwa usiutue njiani kwa kuwa humwoni aliyekutwika.