Ngamia Akiacha Kucheua, Usingoje Kesho

Maneno haya yalitolewa na afisa wa mawasiliano wa kaunti katika kikao na waongozaji ngamia, wafugaji na wauza vyakula wa ufuoni Diani. Tunayachapisha kwa manufaa ya wakazi wote wa Kwale.

 

Mimi si daktari wa mifugo. Kazi yangu ni kuwafikishia habari, na nitakayosema ni yale ambayo madaktari wa mifugo hufundisha. Nimeyaleta kwa lugha yetu kwa sababu hapa Diani ngamia ni riziki. Mgeni hupanda, hupigwa picha, na jioni unga hupatikana nyumbani. Ngamia mmoja akifa, karo ya mtoto nayo huyumba.

Wazee wa Lamu na Mombasa walimjua ngamia kwenye kinu cha simsim, akizunguka kutwa amefungwa macho. Leo kazi yake ni nyingine, lakini tumbo lake ni lile lile.

Tumbo la ng'ombe na mbuzi lina vyumba vinne. Anayenunua matumbo sokoni Ukunda anavijua: kuna taulo, kuna kitabu. Ngamia ana vyumba vitatu. Anacheua kama ng'ombe, ila amejengwa vingine. Ndugu zake wa Amerika Kusini, lama na alpaka wa milima ya Andes, wana tumbo la namna hiyo hiyo.

Chumba cha kwanza ndicho kikubwa, zaidi ya robo tatu ya tumbo zima. Humo mna vijidudu visivyoonekana kwa macho, na ndivyo vinavyochachusha majani na miiba. Chakula kigumu hurudi mdomoni kikatafunwa tena. Huko ndiko kucheua. Baadaye hupita chumba cha pili, ambacho ni kidogo, hadi cha tatu, kirefu kama bomba. Asidi ya kusaga chakula iko mwisho wa chumba hicho cha tatu. Kwa hiyo, kitu kisichochachuka hubaki chumba cha kwanza, hakina pa kwenda.

Hapo ndipo hatari ya kwanza ilipo: plastiki. Mfuko uliobeba viazi karai una chumvi na harufu ya mafuta, na ngamia anapenda chumvi. Anaumeza. Kesho mwingine, keshokutwa kipande cha kamba ya wavuvi. Vinajisokota vikawa bonge gumu. Mwaka 2021 watafiti walichapisha taarifa kutoka Dubai: kati ya ngamia 30,000 waliochunguzwa tangu 2008, 300 walikuwa na mabonge ya plastiki tumboni. Baadhi yalipimwa, dogo lilipita kilo 6, kubwa likapita kilo 60. Mnyama wa namna hiyo hana hamu ya kula, kwa kuwa tumbo limejaa. Anakufa njaa akiwa ameshiba takataka.

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017. Tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumia mara moja zikapigwa marufuku katika maeneo yanayolindwa, fuo zikiwemo. Sheria ipo. Kinachobaki ni mikono yetu. Na mbuzi wanaozurura mitaani Ukunda na Msambweni wako katika hatari ile ile.

Hatari ya pili ni ukarimu. Wageni humpa mkate, sisi humpa ugali uliolala au mahindi ya kusaga. Wanga mwingi kwa ghafla huchachuka haraka mno, asidi huzidi, vile vijidudu vyema hufa, na mnyama huvimba na kuishiwa maji mwilini. Ukibadilisha lishe, ibadilishe kidogo kidogo kwa wiki mbili hivi. Waambieni wageni kwa upole: picha sawa, mkate hapana.

Ya tatu ni bustani. Oleanda, mmea wa mapambo wenye maua ya waridi au meupe na majani marefu membamba, ni sumu. Majani machache yanaweza kuuharibu moyo wa ngamia. Ndugu zetu watunza bustani, tafadhali msitupe matawi yake nje ya ua.

Sasa dalili. Mwangalie jioni anapopumzika. Ngamia mzima huonekana akicheua. Akiacha kucheua, akakataa chakula, akasaga meno, akavimba upande wa kushoto, akalala na kuinuka bila kutulia, au kinyesi kikapungua au kikawa maji, jua tumbo lina neno. Minyoo nayo huleta kuhara na kukonda, na ndama mwenye kuhara huzidiwa upesi.

Ukiona hayo, asipandwe tena siku hiyo. Ondoa chakula, mwachie maji safi, mpeleke kivulini. Usimnyweshe kwa nguvu mafuta, soda wala dawa ya chupa, kwani huenda ikaingia mapafuni. Kumbuka alikula nini na lini, kisha mwite afisa wa mifugo wa kaunti ndogo yako mara moja. Udhibiti wa magonjwa ya mifugo ni kazi ya serikali ya kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010, kwa hiyo ukipiga simu huombi hisani. Bonge la plastiki haliyeyuki kwa dawa. Mapema, daktari anaweza kufikiria upasuaji. Mnyama akishalala chini siku tatu, nafasi hiyo hupungua sana. Na mnyama mgonjwa asichinjwe akauzwa nyama bila kukaguliwa.

Naomba mambo mawili tu. Kila mwongozaji awe na gunia la kuokotea plastiki njiani anapopita na ngamia wake. Na mama zangu wauza viazi na bajia, fungeni kwa karatasi. Mteja atakula vile vile, na ngamia wa jirani atabaki hai.