Nauli ya Kwenda Kazini
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Bofu, Likoni)



Nimeombwa niseme machache juu ya nauli. Sina maneno makubwa, kwani ninyi nyote hapa Bofu mwaijua habari hii kwa miguu yenu.

Kila tarehe 14 ya mwezi EPRA yatutangazia bei ya mafuta. Mwakumbuka Septemba 2023: petroli ilipita shilingi 200 kwa lita, jambo ambalo lilikuwa halijapata kuonekana katika nchi hii. Julai mwaka huo huo kodi ya VAT juu ya mafuta ilikuwa imepandishwa kutoka asilimia 8 mpaka 16. Nairobi lita ilifika shilingi 211. Kwetu ilipungua kidogo tu, ingawa mafuta yenyewe yashushwa Kipevu, ng'ambo ya maji haya.

Basi watu wamefanyaje? Wamebadili mwendo. Aliyekuwa akipanda tuktuk mpaka feri, sasa aondoka alfajiri kwa miguu. Feri ni bure kwa mwenda kwa miguu, na laiti si hivyo sijui tungekuwa wapi. Akifika kisiwani aziacha matatu zipite, ashika njia mpaka lango la bandari. Wengine wapanda boda wawili wawili ili wagawane. Mwenye gari (nao si wengi humu ndani) aliacha Likoni, avuka na sisi, asichome mafuta kwenye foleni.

Huo ni ujanja mzuri, wala siucheki. Lakini twaulipia kwa usingizi. Na yuko asiyeweza kuufanya. Mama amalizaye zamu saa nne za usiku hawezi kutembea peke yake gizani. Yeye hana la kubadili. Hutoa nauli anayotajiwa, hata kama ni ya mboga ya kesho.

Tena nauli ina tabia moja: hupanda na mafuta, lakini kushuka haijui. Oktoba 2024 petroli Nairobi ilikuwa imerudi karibu shilingi 180. Mimi niliendelea kulipa ile ile.

Sasa sikilizeni. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 31, yamtaka mwajiri atupe nyumba au posho ya nyumba. Juu ya nauli haikuweka amri kama hiyo. Twaipata kwa mapatano tu, mezani. Na mezani nimewahi kuaibika. Waajiri fulani, sitawataja, waliniuliza, "Watu wako walipa nauli kiasi gani kwa mwezi?" Nikajibu, "Nyingi mno." Bwana yule akafunga daftari lake, tukahamia jambo jingine. Kosa lilikuwa langu.

Kwa sababu hiyo naomba kila mmoja anunue daftari dogo. Kwa mwezi mzima andika kila siku: umetoka nyumbani saa ngapi, umelipa nini kwa boda, tuktuk au matatu, na umetembea dakika ngapi. Hizo dakika msizisahau, maana mwajiri akiona hukulipa kitu atasema huna shida. Wasiojua kuandika wasaidiwe na watoto wao. Wa zamu ya usiku waandike kwa wino mwekundu.

Mleteeni Katibu wa tawi kabla ya mkutano ujao. Nitaanza na za kina mama.