Simu Inayofunga Mlango

Tangu mji wa Minova, mashariki mwa Kongo, uingie mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, kupita kwenye kizuizi cha barabarani ni mtihani, maana simu hupekuliwa. Mama muuza samaki anatoa simu yake ya Tecno mapema, anafuta ujumbe mmoja mmoja, kidole kikitetemeka, hata picha za wanawe.

Upo mfumo endeshi wa kulinda siri za simu, uitwao GrapheneOS. Haukulazimishi kutumia huduma za Google, unakuwezesha kuinyima programu yoyote intaneti, na tangu 2024 una namba ya siri ya pili: ukiiandika, kila kitu kinafutika papo hapo. Ila umetengenezwa kwa simu za Pixel, na Pixel si simu ya soko letu. Mfumo mwingine, /e/OS, wa Mfaransa Gaël Duval, unakubali simu za aina nyingi zaidi, lakini mara nyingi kuuweka kunataka kompyuta na fundi mwenye subira. Tena, wasikilizaji, mbele ya bunduki hata simu tupu inatia shaka.

Madini ya koltani ya Rubaya, pale Masisi, yamo katika simu za dunia nzima. Basi wanaozitengeneza watuletee ulinzi huu ndani ya simu ya bei ya chini, umeshawashwa tangu dukani, na uzungumze Kiswahili.