Kijana wa Kiislamu na somo la mkakati wa biashara

(Haya ni maneno ya mazungumzo na vijana wanaojiunga na vyuo vikuu, baada ya swala ya Asr. Tumeyaandika ili na waliokosa wasome.)

Bismillahir Rahmanir Rahim. 

Shukrani zote ni za Allah (S.W.T), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), ambaye kabla ya kupewa utume alikuwa mfanyibiashara, akisafiri na mali ya Bibi Khadija (R.A).

Ndugu yangu, dada yangu, umeitwa chuo kikuu kusomea biashara. Mwaka wa tatu au wa nne utakutana na somo linaitwa mkakati wa biashara. Mzazi akisikia anauliza, "Sasa hiyo ni kazi gani? Daktari namjua, mwalimu namjua, wakili namjua. Huyu wa mkakati anafanya nini?" Ni swali zuri na tulijibu.

Mkakati ni kuamua. Utauza nini na hutauza nini, utamuuzia nani, utashindana na nani, na lipi utaliacha hata kama lina faida. Wazee wetu walilijua jambo hili kabla halijapewa jina la Kizungu. Majahazi ya Ghuba yalikuja na kaskazi yakiwa na tende na papa mkavu, yakarudi na kusi yakiwa na boriti za mikoko za Lamu. Nahodha aliyekosea hesabu ya upepo alipoteza msimu. Na Abdurrahman bin Auf (R.A) alipofika Madina mikono mitupu, akapewa ahadi ya nusu ya mali ya ndugu yake wa Kiansari, alimuombea dua kisha akataka aonyeshwe soko liko wapi. Akaanza na samli na jibini. Ona, hakuomba mtaji. Alitaka kwanza kulijua soko.

Kwa hivyo usiingie darasani ukidhani unajifunza kitu cha wenyewe. Lakini pia usiingie ukidhani unajua. Manake kuna mambo walimu wa dunia wameyapanga vizuri, na tukiyadharau tunaumia sisi.

Mchukue Michael Porter wa Harvard. Mwaka 1979 aliandika makala akasema faida ya biashara haiamuliwi na mshindani wa jirani peke yake. Kuna nguvu tano: washindani waliopo, wale wanaoweza kuingia kesho, wateja, wanaokuuzia mali, na bidhaa mbadala. Hebu nenda na hizo nguvu tano mpaka soko la Kongowea. Muuza vitunguu pale anajua mwenzake wa kibanda cha pili. Lakini amekaa akafikiria kwamba anayemuuzia mzigo kutoka Tanzania ni mmoja tu, na huyo mmoja ndiye anayempangia bei? Hilo ndilo somo. Likimfikia kwa Kiswahili atalielewa kuliko mwanafunzi aliyelikariri.

Sasa nikwambie kile ambacho hutakiona katika ule mchoro wa nguvu tano. Hapa Mombasa kuna nguvu ya sita, nayo ni karatasi ya serikali.

Reli ya SGR ilianza kubeba abiria 2017. Agosti 2019 ikatoka amri kwamba makontena yanayoingia kutoka nje yabebwe kwa reli, yakakaguliwe Nairobi. Karatasi moja tu. Hakuna mshindani mpya aliyeingia, wala hakuna mteja aliyebadilisha mawazo. Lakini malori yakasimama, bohari za makontena zikapunguza watu, na mafundi, vituo vya mafuta na kina mama wa vyakula kuanzia Changamwe mpaka Mariakani wakaona biashara imekatika. Watu wakaingia barabarani kila Jumatatu, wengine wakaenda mahakamani. Novemba 2020 Mahakama Kuu hapa Mombasa ikasema amri ile ilikiuka katiba. Septemba 2022 Rais mpya alipoapishwa akatangaza shughuli za kukagua mizigo zirudi Mombasa.

Unaona hapo? Miaka mitatu. Mwenye malori mawili ya mkopo hana miaka mitatu ya kungoja. Aliyepona ni yule aliyekuwa na akiba, au aliyekuwa na kazi nyingine pembeni, au aliyeiona dalili mapema reli ilipokuwa bado inajengwa. Na kilichowasaidia wengi haikuwa ujanja wa soko bali katiba, na watu walioshikana. Ndiyo maana sisi wa haki za binadamu tunazungumza nawe kuhusu biashara. Haki na riziki haziko mbali kama unavyodhani.

Mfano wa pili ni hawala. Wenzetu wa Eastleigh walianza na vyumba vya Garissa Lodge miaka ya tisini, kila chumba duka, leo mtaa mzima ni maduka. Mabenki hayakuwaamini, nao wakaaminiana. Kuna wasomi wawili, Khanna na Palepu, walioandika 1997 kwamba katika nchi zetu kuna mapengo pale taasisi zinapokosekana, na biashara zenyewe hujipanga kuyaziba. Hawala ndiyo hiyo. Ndugu yuko Minneapolis, mama yuko Wajir, pesa zinafika.

Lakini 2013 huko Uingereza benki ya Barclays iliamua kufunga akaunti za makampuni ya kutuma pesa, ikiwemo Dahabshiil, kwa hofu ya sheria za pesa haramu. Dahabshiil ikaenda mahakamani London kuzuia. Na Aprili 2015, baada ya wale vijana wetu kuuawa Garissa, watu 148, Allah awarehemu waliotangulia, serikali yetu ikasimamisha leseni za makampuni 13 ya kutuma pesa. Miezi miwili hivi baadaye wakaruhusiwa tena. Yule mama wa Wajir hakuua mtu. Alikosa pesa za chakula kwa kosa ambalo hakulifanya.

Tuseme ukweli wote lakini. Kulaani ubaguzi ni wajibu wetu, na tutaulaani. Pamoja na hayo, sheria za pesa za dunia zinaandikwa mezani, na katika meza zile watu wetu ni wachache mno. Mtu anayejua kuandaa rekodi za wateja, kumjibu mdhibiti kwa lugha yake, kuiona hatari kabla haijafika, huyo anasomeshwa chuo kikuu. Hapo ndipo somo la mkakati linakuwa la hapa na la dunia kwa pamoja. Uamuzi unafanywa London, maumivu yanafika Wajir. Ukisoma upande mmoja tu umesoma nusu.

Kuna mfano wa heri pia. Mwaka 2008 Kenya ilipata mabenki mawili ya kwanza yanayofuata sharia kikamilifu, Gulf African Bank na First Community Bank. Waliona wateja wengi wanaoikimbia riba, pesa ziko chini ya godoro, na hakuna anayewahudumia. Mwaka 2023 First Community ikachukuliwa na benki kutoka Somalia. Yaani mtaji unavuka mpaka na unakuja upande huu. Nani atakaa katika bodi zile? Nani ataandika mkataba wa mudharaba, mmoja atoe mtaji na mwingine atoe kazi, faida wagawane kwa makubaliano, hasara ya mtaji iwe ya mwenye mtaji isipokuwa kwa uzembe au khiyana, halafu mkataba huo usimame katika mahakama ya Kenya? Anatakiwa mtu anayejua fiqhi na hesabu. Anayejua moja tu tunao wengi.

Sasa nije kwa linalotuuma. Tunakwambia soma, na mlango wenyewe haujafunguka sawa kwa kila mtu.

Kwanza kitambulisho. Mimi nilipofika miaka 18, ofisi moja ilinirudisha mara nne. Mara hii cheti cha baba, mara nyingine cha babu. Babu yangu alizaliwa wakati kijijini kwetu hakuna aliyejua cheti ni nini. Wenzangu niliokaa nao dawati moja wakaenda chuo, mimi nikabaki Mwembe Tayari nikiuza maji ya chupa, pesa zikiingia kwa M-Pesa ya mjomba. Kila jioni namuomba mjomba anitolee pesa zangu mwenyewe. Bila kitambulisho huna laini, huna akaunti, huna leseni ya biashara. Mkakati gani utaandika? Februari 2025 Rais alitia sahihi tangazo la kuondoa ule msasa wa ziada kwa kaunti za kaskazini. Tunashukuru, lakini tangazo halitoi kitambulisho, karani ndiye anayetoa. Ukirudishwa, andika tarehe, andika uliloambiwa, njoo ofisini kwetu na nakala.

Pili ni mkopo wa HELB. Una riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Kwa wengine hiyo ni rahisi sana. Kwa kijana anayeogopa riba ni mtihani, na wapo waliobaki nyumbani kwa ajili ya hilo. Muulize shekhe wako kuhusu hali yako, mimi si mufti. Ninachodai ni kwamba mkopo usio na riba uwepo, mwanafunzi asilazimishwe kuchagua kati ya dini yake na shahada yake. Na sisi wenyewe tusingoje serikali. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa unachokiona Tudor kilianza kama MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu, iliyojengwa pia kwa michango ya Waislamu wa pwani hii na Zanzibar. Leo kinasomesha Wakenya wa kila dini.  Misikiti yetu ina maduka ya wakfu. Kodi ya duka moja tu, ikisimamiwa kwa uwazi, inaweza kulipa karo ya mtoto mmoja.

Basi ukienda chuo, fanya haya. Jifunze uhasibu mpaka uuweze, manake mkakati bila hesabu ni porojo. Andika kila deni. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ndani ya Suratul Baqara, ni ya kuandikiana madeni, na bado tunakopeshana kwa mdomo kisha tunagombana. Soma Gazeti rasmi la Serikali na bajeti ya kaunti, ujue karatasi inayokuja kabla haijafika. Mwalimu akikupa kazi juu ya kampuni ya Marekani, ifanye vizuri, kisha muombe kazi inayofuata uiandike juu ya Kongowea, Marikiti au wavuvi wa Lamu. Wavuvi wale mwaka 2018 mahakama iliamua walipwe zaidi ya shilingi bilioni 1.7 kwa hasara ya ujenzi wa bandari. Hilo nalo ni somo la mkakati, na halina kitabu. Kiandike wewe.

Na likizo ukirudi, kaa na mamako kibandani siku tatu na daftari. Usimfundishe kitu. Muulize tu, kisha umpigie hesabu ya faida yake ya kweli. Wengi hawajawahi kuijua.

Nimesema niliyoweza. La sawa limetoka kwa Allah, la makosa ni langu. Tunamuomba Allah awafungulie milango ya elimu yenye manufaa na riziki ya halali, na awape ujasiri wa kudai haki yenu na ya wengine.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.